Mkurugenzi Yuko Kwenye Kikao

"Kampuni ya mbao, habari za asubuhi."

"Nzuri, dada. Ila mimi nimepiga kampuni ya vifaa vya hospitali."

Kikasikika kiti kikiburutwa, kitu kikaanguka, mtu akajikohoza. Halafu sauti ileile ikarudi, safari hii imebanwa puani:

"Kampuni ya vifaa vya hospitali, habari za asubuhi."

"Nzuri tena. Pole na mafua, naona yamekuanza sasa hivi."

Upande wa pili mtu alijitahidi kutocheka. Wote tunajua kazi ya kuzuia kicheko kwenye simu ilivyo ngumu: unaziba mdomo, pua inakusaliti. Pumzi ikamponyoka. Na mchumi wa serikali, mtu mzima mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya ukuta.

"Naomba kuongea na mkurugenzi," akasema, akikumbuka kazi.

"Mkurugenzi yuko kwenye kikao."

"Kikao kitaisha lini?"

"Hicho kikao, kaka yangu, hata mimi nakisubiri."

Niwaeleze kidogo kuhusu huyu jamaa kabla hamjamhukumu. Kitengo chake kilikuwa na swali moja tu maishani: kampuni hii ni ya nani hasa? Aliyeandikwa kwenye usajili hana maana kwao, wanamtaka yule aliyesimama nyuma yake, anayekula faida na kujificha kwenye majina ya watu wengine. Ofisini walimpa jina la Nani Nyuma, kwa sababu kila ukimwonyesha karatasi lazima aulize, "Sawa, na nyuma yake yuko nani?"

Kazi hiyo haina marafiki. Akitokea kwenye sherehe, wenye magari mapya wanahama meza. Shemeji yake alipofungua duka, jamaa alimuuliza, kwa nia njema kabisa, mtaji umetoka wapi. Hadi leo shemeji akimwona anakumbuka kuna kitu amesahau kwenye gari. Nyumbani kwake kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na viti viwili, cha pili kikiwa kabati la nguo. Televisheni aliiwasha akiingia na kuizima akienda kulala. Hakuwa anaitazama. Alitaka tu pawe na mtu anaongea.

Dada yake mkubwa alikuwa akimpigia kila Jumapili, na kila Jumapili alimaliza na utani uleule: "Unatafuta wenye kampuni mchana kutwa. Na wewe mwenyewe una mwenyewe?"

Alicheka. Akikata simu hakucheka.

Sasa, kitengo kilikuwa kimechagua kampuni kadhaa kutoka kwenye usajili ili zipigiwe simu na kuulizwa maswali mepesi: mnauza nini, mko wangapi, mkurugenzi ni nani. Kanuni zilikuwa mbili. Kwanza, usimtaje mkurugenzi kwa jina. Waache walitaje wao, maana mwenye kampuni ya kweli hasiti kulitaja jina la mkubwa wake. Pili, mkurugenzi asipopatikana, rudia kupiga mpaka apatikane.

Hiyo kanuni ya pili ndiyo iliyomponza.

Alipiga kampuni ya mbao, akapokea yule dada. Akapiga ya vifaa vya hospitali, yule dada. Ya mbegu, ya mabati, ya ushauri wa mambo ya maji, wote walikuwa yule dada, mara amebana pua, mara amekaza sauti kama mwalimu wa zamu. Mwisho akamuuliza ana simu ngapi.

"Nyingi. Zimepangwa kwenye rafu, kila moja na kibandiko chake. Ikilia ya jirani yake nachanganyikiwa, ndiyo maana siku ile nikakuuzia mbao."

"Kwa hiyo ni ofisi ya kupokelea simu za watu."

"Nalipwa kwa hiyo. Ni kosa?"

Hapana, si kosa. Kampuni nyingi ndogo hukodi mtu mmoja awapokelee simu. Jamaa akaandika "mpokeaji mmoja" kwenye dodoso, na kesho yake akapiga tena, maana kanuni ni kanuni.

Na kesho yake tena.

Jamaa akamwita Dada Kikao. Dada akamwita Bwana Maswali. Majina hawakupeana: afisa wa kitengo hujitambulisha kwa cheo tu, mchumi wa serikali, bila kutaja kitengo, na dada aliagizwa na wakili aliyemwajiri asimtajie mtu jina lake kwenye simu. Wakili huyo alikuwa anapita mwisho wa mwezi, anaacha mshahara na karatasi ya maneno ya kusema, anaondoka hata kabla hajaambiwa karibu kiti.

Swali la "mko wangapi hapo ofisini" mwanzoni Dada Kikao alilijibu, "Tuko wengi tu." Siku moja ya mvua jamaa akalirudia, si kwa sababu ya dodoso.

"Nikwambie ukweli?" akasema Dada Kikao. "Niko mwenyewe. Dirisha langu linatazama ukuta wa jengo la pili. Huu ukuta nimeujua mpaka nyufa zake nimezipa majina. Na hizi simu zote, hakuna anayepiga. Wewe, na wanaokosea namba."

Bwana Maswali akatazama ukuta wake.

"Wangu hauna nyufa," akasema. "Una kalenda ya mwaka juzi."

"Basi wewe umeniacha mbali. Mwenzangu una kalenda."

Msiniulize mapenzi yalianzia wapi. Nadhani ni hapo kwenye kalenda.

Wakapeana namba zao binafsi za simu, wakakubaliana kuonana saa ya chakula cha mchana, kwenye mgahawa ulio kati ya ofisi zao, na kupeana majina huko huko, ana kwa ana. Jamaa alijiuliza kama kanuni inaruhusu. Akajijibu kisomi: mpokea simu si mmiliki, si mkurugenzi, hana hisa wala sauti kwenye kampuni. Akavaa shati alilonunuliwa na dada yake, ambalo alikuwa amelificha kwa kuona linang'aa mno.

Nako ofisini, wenzake walikuwa na habari nyingine. Kampuni zote alizokuwa anapigia zilikuwa na mkurugenzi mmoja kwenye usajili, mwanamke, jina moja refu la ajabu. Fedha za zabuni hewa zilikuwa zinapita humo na kupotea. Walimpa jina la Mama Kampuni. Mmoja wao alikuwa amemchora ubaoni: mnene, miwani ya jua, hereni kama bangili, mguu mmoja juu ya gunia la fedha. Kila asubuhi waliusalimia ule mchoro, "Shikamoo, Mama Kampuni."

Jamaa alisalimia na wengine, akachukua mwavuli, akaenda kula chakula cha mchana.

Alimtambua kabla hajasema kitu. Ni mwembamba, ana sweta la kijani lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine, kiatu kimegandishwa kwa gundi upande mmoja. Alikuwa anaangalia mlango kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

"Bwana Maswali?"

"Dada Kikao."

Wakacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kuna nini. Wakaagiza chai. Dada Kikao alimwambia juu ya shangazi yake anayeishi naye, ambaye anatangazia majirani kwamba binti wa kaka yake anafanya kazi na makampuni makubwa. Jamaa akamwuliza kama huyo mkurugenzi amewahi kumwona.

"Sijawahi hata kumsikia, na jina lake sijaambiwa. Ila namwona kichwani. Ananukia. Akiingia mahali watu wanasimama." Akakoroga chai. "Wakati mwingine namsemesha. Namwambia, dada, toka basi kwenye kikao, nimechoka kukusingizia."

"Haya, majina," jamaa akasema. "Wewe kwanza."

"Usicheke. La kwangu la kawaida, la baba la kawaida, ila la babu limekaa kama mlango wa zizi. Mji mzima hakuna mwingine."

Akalitaja. Majina yote matatu, moja baada ya jingine.

Jamaa hakucheka.

Alikuwa analiandika jina hilo kila siku. Alilijua mpaka herufi iliyokosewa kwenye usajili wa kampuni ya mabati. Aliyeketi mbele yake, na makombo ya mkate kwenye sweta, alikuwa Mama Kampuni.

Mawazo mawili yalimjia kwa pamoja. La kwanza: ananichezea, mwanamke huyu ni mjanja kuliko sisi wote. La pili alilipata alipotazama kile kiatu. Hajui. Ametumiwa, na hana habari.

"Na wewe?" akauliza Dada Kikao. "Jina lako?"

"Samahani. Nimeitwa ofisini."

"Simu yako haijalia."

Jamaa akasimama, akasahau mwavuli, akatoka. Alitembea kwenye mvua na shati lake linalong'aa.

Mkuu wa kitengo alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, ambaye hakuwahi kupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Jamaa alifunga mlango akamweleza yote, pamoja na kalenda. Mama akamsikiliza.

"Umempenda?"

"Sijui, mama."

"Mchumi mzima, umepiga simu kila siku mwezi na zaidi, na hujui?"

"Nimempenda."

"Umefanya vizuri kuja. Kuanzia sasa umetoka kwenye faili hili, utahamia ghorofa ya chini kwenye takwimu za mazao." Akavua miwani. "Sasa nisikilize kama mwanangu. Kumtonya mtu kwamba anachunguzwa ni kosa la jinai, hilo unalijua. Lakini kuna ubaya zaidi. Ukimwambia hata neno moja, siku atakayoitwa hawezi tena kuonekana kama mtu aliyetumiwa. Ataonekana kama mtu aliyejiandaa. Unyamavu wako ndio ushahidi wake. Ukitaka kumsaidia, mpotee."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikwambie."

"Nimwambie hata kwamba sijakasirika?"

"Hata hilo."

Kwa hiyo akampotea. Meseji zikaanza siku hiyohiyo.

*Bwana Maswali umesahau mwavuli wako. Ninao.*

*Nimekukosea? Sema tu, mimi si mtu wa kununa.*

*Leo simu ya mbegu imelia nikaruka mpaka nikamwaga chai. Mtu amekosea namba.*

Alikuwa anazisoma akiwa amekaa kwenye kiti kimoja, kile cha nguo kikimtazama. Aliandika majibu marefu. Akayafuta. Aliandika mafupi, akayafuta hayo pia. Televisheni iliongea yenyewe. Msiniambie ni mambo ya kitoto. Mtu aliyezoea upweke anauvumilia, lakini akionjeshwa mwenzake halafu akanyang'anywa, ule upweke wa zamani unarudi umenenepa.

Halafu ikaja hii:

*Ni jina langu ndilo lililokukimbiza? Nimewaza nimewaza, sioni kingine. Uliondoka nilipolitaja. Kama ni la babu naweza kuliacha.*

Ninyi mnajua, na jamaa alijua, kwamba Dada Kikao alikuwa amepatia. Ni jina. Na hakuweza kumwambia hapana, wala ndiyo.

Jumapili moja simu ikalia, namba ni ya Dada Kikao. Akaikodolea macho, mkono ukamshinda, akapokea. Hakuwa yeye.

"Wewe ndiye yule wa simu?" ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Mimi shangazi yake. Amekwenda dukani, kaacha simu. Nina dakika chache za kukuuliza."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Una mke?"

"Sina, shangazi."

"Una mtoto mahali?"

"Sina."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi una nini? Maana huyu mtoto amekonda, anakaa anatazama mwavuli wa watu kama picha ya marehemu."

Jamaa akashika meza.

"Nina kazi, shangazi."

"Sisi sote tuna kazi. Kazi gani inayomkataza mtu kusema nipo?"

Shangazi akangoja jibu, akaguna, akasema kwamba alidhani angekuta mhuni, mhuni angemjulia; huyu haelewi ni mtu wa namna gani. Akakata.

Baada ya hapo meseji zikakoma, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Kisha siku ikafika ambayo hakuitarajia. Alikuwa anapanda ngazi na makaratasi ya mazao ya mahindi, akakutana na watu wanashuka kutoka kwenye kitengo chake cha zamani kwenda chumba cha mahojiano. Mbele afisa mwenzake, yule mchoraji. Nyuma yake mama mtu mzima mwenye mtandio, bila shaka shangazi. Katikati yao sweta la kijani.

Dada Kikao alimwona. Akatazama kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake, chenye jina ambalo hakuwahi kuambiwa. Akatazama kibao cha kitengo ukutani. Unaona mtu anavyounganisha mambo usoni, moja baada ya jingine.

"Kumbe ni hapa," akasema taratibu. "Maswali yote yale."

Jamaa akafungua mdomo. Afisa mwenzake akamtikisia kichwa: usiseme.

"Nijibu moja tu, na mimi nilikujibu mengi. Ulikuwa unanipigia mimi, au ulikuwa unaipigia kampuni?"

Jamaa alisimama na mahindi yake mkononi, midomo imefungwa, macho yamejaa. Shangazi akamtazama kwa muda, akamshika Dada Kikao mkono.

"Twende, mwanangu. Huyu ndivyo alivyo. Hata kwangu alikuwa hivihivi."

Ya chumbani aliyasikia baadaye, kutoka kwa yule mchoraji, ambaye hakuwa na utani siku hiyo. Walimuuliza Dada Kikao kama anajua mkurugenzi wa kampuni zile yuko wapi.

"Yuko kwenye kikao," akajibu, kwa mazoea, na sauti ya simu.

Mchoraji akamgeuzia karatasi ya usajili. Akasoma. Akasoma ya pili, na ya tatu. Akamwonyesha shangazi kwa kidole mahali palipoandikwa jina la babu. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha kuponyoka puani, na katikati yake kikageuka.

"Miaka yote hii," akasema, "namsingizia vikao mtu, kumbe ni mimi niliyekaa pale natazama ukuta."

Siku ya kwanza kazini wakili alikuwa amempa rundo la karatasi atie sahihi, akimwambia ni za ajira. Akatia zote, kwa furaha ya kupata kazi. Maelezo yake yalikuwa manyoofu, ya mtu ambaye hakuonywa, na simu yake ilipokaguliwa halikukutwa neno hata moja la kumtonya. Zilikuwamo meseji zake tu, zisizojibiwa. Mkuu wa kitengo alizisoma, akavua miwani akaifuta muda mrefu. Wakili alikamatwa, na kutoka kwake wakawafikia wale waliokuwa nyuma. Dada Kikao akaondolewa kwenye mashtaka, akawa shahidi.

Mchoro ubaoni ulifutwa. Aliyeufuta ni mchoraji mwenyewe, na aliona haya kuufuta mbele za watu.

Dada Kikao alipomaliza kutoa ushahidi mahakamani, mama wa miwani alishuka mpaka ghorofa ya chini, akasimama kwenye meza ya mazao.

"Kazi imekwisha," akasema. "Sasa unaweza kupiga simu. Isiwe ya ofisi."

Ikafika Jumamosi mchana. Jamaa alikaa nyumbani, akazima televisheni. Akatoa nguo kwenye kiti cha pili, akazikunja. Hakujua kwa nini. Akapiga.

Iliita, ikaita. Dada Kikao akapokea.

"Habari za mchana, nikusaidie nini?"

Ilikuwa ile sauti ya kazini. Ya vifaa vya hospitali, yenye mafua.

"Naomba kuongea na mkurugenzi."

Jamaa alisikia redio ya jirani upande wa pili, na maji yanachuruzika.

"Mkurugenzi yuko kwenye kikao."

"Nitasubiri."

"Kikao ni kirefu."

"Nitasubiri kwenye simu."

Dada hakukata. Jamaa alisikia simu ikilazwa juu ya kitu kigumu. Kisha vyombo vikaoshwa, sufuria, vijiko, kimoja kimoja. Mlango ukafunguliwa. Sauti ya shangazi ikauliza hii simu mbona iko wazi, ikasogea karibu, ikapumua kwenye sikio lake.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, shangazi. Nipo."

"Ahaa," akasema shangazi. "Leo amejua kusema nipo." Akailaza tena simu, kwa upole.

Vyombo vikaisha. Ufagio ukapita. Redio ya jirani ikabadilisha kipindi. Jamaa hakuhama. Chaji ikapungua, akaburuta kiti mpaka kwenye soketi, akakaa hapo, uso umeelekea ukutani, simu sikioni. Mwisho kitu kikakwaruza.

"Bado upo?"

"Bado nipo."

"Nilikuuliza swali kwenye ngazi."

"Siku ya kwanza nilikuwa naipigia kampuni," akasema. "Siku ya pili nikajidanganya kwamba naipigia kampuni. Baada ya hapo hata kujidanganya niliacha. Na kwenye ngazi, ningekujibu, wasingekuamini."

"Wameniambia. Yule mama wa miwani." Akavuta pumzi. "Lakini ulijua ninateseka."

"Nilijua."

"Meseji zote ulisoma?"

"Kila siku. Hata ya jina la babu. Hilo jina usiliache."

Kikasikika kiti kikivutwa upande wa pili.

"Na mimi nina dodoso," Dada Kikao akasema hatimaye, sauti ya mafua imeondoka, imebaki yake. "Swali ni moja. Hapo ulipo, mko wangapi?"

Jamaa akageuka akatazama chumba. Sahani moja. Kikombe kimoja. Kiti kimoja alichokalia, na kile kingine, kitupu.

"Niko mwenyewe," akasema. "Ila nimetoa nguo kwenye kiti."

Upande wa pili pumzi ikaponyoka puani, ileile.

"Nitakuletea mwavuli wako," akasema. "Haya. Mkurugenzi ametoka kwenye kikao. Anakusikiliza, sema shida yako."